Gari la kulalia limekaa, betri imegoma: pa kuanzia kutafuta

Magari ya kulalia yanayofika Mtwara na Lindi ni ya kila namna: Land Cruiser yenye hema juu, Hiace iliyong'olewa viti ikawekwa kitanda, Coaster iliyogeuzwa nyumba yenye jiko na friji. Ugonjwa wao ni mmoja. Yanasafiri wiki chache, kisha yanakaa miezi. Mwenyewe karudi Dar, au yuko nje ya nchi, au anangoja mvua zikatike ndipo apande kilima cha Tendaguru au ashuke ufukwe wa Msimbati. Siku anayolirudia, anawasha anasikia tiki, tiki, halafu kimya. Simu inayofuata naijua: "Fundi, betri imekufa, nitafutie nyingine."

Betri nyingi zinazotupwa huku hazikufia njiani. Zimeuliwa zikiwa zimeegeshwa, na muuaji bado yumo ndani ya gari. Ukifunga mpya bila kumtafuta, naye anaisubiri hiyo mpya. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela toa mita. Mita ya umeme ya kawaida ya kidijitali (multimita), ile ya bei ya chini madukani, inatosha kwa karibu yote yaliyomo humu.

Kipimo kabla ya dalili

Betri hupimwa ikiwa imetulia, yaani imepita saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika. Kama huna muda huo, washa taa kubwa dakika mbili, zima, ngoja kidogo, ndipo upime. Ukipima betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi itakudanganya. Itasoma juu hata kama ni mbovu.

Kwa betri za risasi na asidi, ziwe za kuongeza maji au zilizofungwa, volti 12.6 hadi 12.7 ni imejaa. 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo, na chini ya 11.8 imekwisha. Zile za AGM, yaani zilizofungwa ambazo asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo, zikijaa husoma juu kidogo, kama 12.8. Lithiamu ina hesabu yake, nitaifikia.

Magari haya aghalabu yana betri mbili: ya starta chini ya boneti, na ya nyumba inayobeba friji, taa na pampu ya maji. Pima kila moja peke yake, injini ikiwa imezimwa na rilei (swichi ya umeme) ya kuziunganisha ikiwa imeachia. Mara nyingi anayelalamikia "betri" hajui hata ni ipi kati ya hizo mbili.

Iliachwa imejaa, wiki chache baadaye imeisha

Hapa ndipo kesi nyingi zilipo. Washukiwa ni wawili.

Wa kwanza ni joto. Kila betri hupoteza chaji yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa na kitu, na mwendo huo huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi joto 10 zinazopanda. Pwani yetu, hasa miezi ya Novemba hadi Machi, gari lililofungwa vioo juani linakuwa tanuri. Betri ya maji ambayo mahali pa baridi ingevumilia miezi mingi, hapa usiitegemee ikae zaidi ya miezi miwili bila kuguswa.

Wa pili ni mnyonyaji, na huyu ndiye mbaya zaidi. Gari lililozimwa bado linakula umeme kidogo: saa, kumbukumbu ya redio, kengele ya wizi, kifaa cha kufuatilia gari. Miliampea 50 huonekana si kitu. Zidisha kwa saa 24, ni ampea-saa 1.2 kwa siku; kwa mwezi ni 36. Betri ya ampea-saa 70 inakuwa nusu mwezi wa kwanza na mwezi wa pili imekauka, hata kama gari halina hitilafu yoyote. Sasa weka redio iliyofungwa na fundi wa barabarani moja kwa moja kwenye betri, au taa ya kabati isiyozima, ikafika miliampea 300. Siku kumi tu. Na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ndiyo hatari kuliko zote: ya wati 1000 ikiachwa imewashwa bila kazi yoyote inaweza kula nusu ampea hadi ampea moja muda wote. Wenyewe husema, "Lakini sikuchomeka kitu." Inveta yenyewe ndiyo kitu.

Kumkamata mnyonyaji fanya hivi. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Boneti ikibaki wazi, angalia kama ina taa yake. Fungua kichwa cha hasi kwa spana namba 10. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, halafu weka mita katikati, upande mmoja kwenye nguzo ya betri na mwingine kwenye kibano ulichokitoa. Usiwashe gari wala friji mita ikiwa hapo. Utaunguza fyuzi ya mita, pengine na mita yenyewe. Namba itaanza juu kwa sababu kompyuta za gari bado ziko macho. Ngoja nusu saa. Ikitulia chini ya miliampea 50, gari ni zima na tatizo lako ni muda tu. Ikibaki juu, anza kung'oa fyuzi moja moja, ukirudisha kila moja kabla ya kugusa inayofuata. Ile ambayo ukiing'oa namba inaporomoka, ndiyo njia ya mwizi. Ukimaliza fyuzi zote na namba haijasogea, fungua waya mnene wa alteneta, jenereta ya injini inayochaji betri. Daiodi iliyopasuka ndani yake humwaga umeme kimyakimya, wala taa ya betri kwenye dashibodi isikuambie.

Vitu vilivyofungwa baadaye, kama tracker, kengele ya gesi na soketi za kuchajia simu, mara nyingi havipiti kwenye boksi la fyuzi la kiwandani. Fuata nyaya zake kutoka kwenye betri kwa mkono. Ukiwa hapo, angalia na panya. Gari lililokaa karibu na ghala la korosho lazima litatafunwa kitu.

Inajaa haraka, inaisha haraka

Unaunganisha chaja, saa moja inasema imejaa. Usiku taa mbili tu, asubuhi haina kitu. Betri hii haijajaa, imekuwa ndogo. Ilipokaa nusu chaji kwa wiki nyingi, salfeti ya risasi iliyojitengeneza kwenye pleti imegeuka kuwa chenga ngumu, na eneo hilo la pleti halifanyi kazi tena.

Wanaofika hapa wengi walijitahidi. Walimwambia mlinzi aliwashe gari kila Jumapili robo saa, au walilizungusha hadi Mikindani na kurudi. Safari fupi namna hiyo hurudisha kile starta ilichokula na kidogo juu yake. Asilimia 20 za mwisho za betri ya asidi huingia polepole kwa saa kadhaa, hata alteneta iwe kubwa namna gani, na hizo ndizo zinazozuia chenga. Mimi naona bora gari lisiwashwe kabisa, hasi ikiwa imefunguliwa, kuliko kuwashwa robo saa kila wiki.

Kujua kama inaokoleka, ichaji taratibu kwa ampea isiyozidi moja ya kumi ya ukubwa wake (betri ya 100 kwa ampea 10 au chini) usiku kucha, hata siku nzima. Iache itulie. Kama ina vifuniko, pima kila seli kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi: 1.265 hivi imejaa, 1.190 nusu. Seli tano zikisoma vizuri na ya sita ikiwa nyuma kwa 0.050 au zaidi, seli hiyo imekufa, na betri nzima imeondoka nayo. Ya kufungwa huwezi kuipima hivyo, lakini ikitulia baada ya chaji kamili ikasoma kama 10.5, seli moja imegusana ndani. Usiendelee kuichaji.

Kama seli zinalingana ila zote ziko chini, huenda asidi nzito imekaa chini kama sukari isiyokorogwa kwenye chai. Chaji ya kusawazisha, ya volti 15 na kidogo, huichemsha na kuichanganya. Ni ya betri za kuongeza maji peke yake, ikiwa imetolewa kwenye gari, mahali pa wazi, mbali na moto na sigara, kwa sababu gesi inayotoka ni haidrojeni na hulipuka. AGM na jeli usizifanyie hivyo kamwe.

Halafu jaribu ukubwa uliobaki. Chukua taa ya mbele ya wati 55, iunganishe kwenye betri ya ampea-saa 100 iliyojaa. Inakula ampea 4.5 hivi, kwa hiyo baada ya saa 10 betri nzima itakuwa karibu nusu. Zima, iache itulie, isome 12.2. Ikiwa saa ya tatu taa inafifia na mita iko chini ya 11.5, una boksi zito lenye jina la betri.

Friji inazima usiku, betri ikisoma 12.5

Usiilaumu betri. Pima kwenye plagi ya friji yenyewe, kompresa ikiwa inazunguka. Utakuta 11.6 au chini, na friji imejizima kujilinda.

Fundi alivuta waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka mbele hadi nyuma, kwa kuwa ndio uliokuwepo dukani. Mita tano kwenda na tano kurudi, ukibeba ampea 10, waya huo unakula kama volti 0.7 njiani. Wa 6 ungekula chini ya nusu ya hapo, na wa 16 usingeusikia. Waya mwembamba huohuo ndio unaozuia betri ya nyumba kujaa injini ikizunguka: alteneta inatoa 14.2, nyuma inafika 13.5. Unaendesha kutoka Dar hadi Lindi siku nzima na ukifika bado haijajaa. Badilisha waya, weka fyuzi karibu kabisa na betri, na uachane na soketi ya kiberiti cha sigara kwa kazi ya friji. Iguse soketi hiyo baada ya saa moja ya kazi. Ikiwa ya moto, huo ndio umeme wako unaopotea.

Unga mweupe au kijani kwenye vichwa

Hewa ya chumvi ya Shangani, Mikindani, Lindi na Kilwa haisamehe shaba. Unga ukiwa mwingi, gari hugoma ingawa betri imejaa. Mtu apige starta wewe ukiwa umeweka ncha moja ya mita juu ya nguzo na nyingine juu ya kibano chake. Ikizidi volti 0.2, umeme unakwamia hapo.

Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Kurudisha ni kinyume. Mimina maji ya vuguvugu yenye baking soda, vifuniko vikiwa vimekazwa ili yasiingie kwenye seli. Yakiacha kutoa povu, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha, kaza. Grisi hupakwa mwisho, kwa nje. Wanaoipaka katikati ya nguzo na kibano wanajitengenezea tatizo jingine. Na usiishie juu: fuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi. Gari lililoingia kwenye mchanga wa Msimbati bila kuoshwa chini kwa maji baridi linaoza pale kwanza.

Maji yanaisha, harufu ya yai bovu, ubavu umevimba

Hizi tatu ni hatua za jambo moja: inachajiwa kupita kiasi. Pima injini ikizunguka. 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Ikikaa juu ya 14.8 gari likiwa limeshapata moto, regyuleta (kidhibiti volti) ya alteneta imekwenda. Chaja za gereji zisizojikata nazo huua hivyo. Joto pia lina sehemu yake: chaja nyingi zimepangwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi inayoongezeka inataka volti zipungue kama 0.03. Betri ikifika nyuzi 35 mchana wa Mtwara, 14.4 inatakiwa iwe 14.1 au 14.2. Chaja nzuri na kontrola nzuri za sola zina kihisio cha joto; kiunganishwe, kisibaki kwenye boksi.

Harufu ya yai ikishafika, zima chaji, fungua milango, acha ipoe. Iliyovimba haina dawa.

Maji ya kuongeza ni yaliyokenekwa (distilled), si ya kisima, wala ya chupa ya kunywa, maana yote yana madini. Hakikisha muuzaji hakupi asidi. Ongeza baada ya kuchaji, yasimame kama sentimita moja juu ya pleti. Pleti zikiwa wazi, zifunike kwanza ndipo uchaji.

Sola iko juu, betri haijai

Gari limewekwa chini ya mwembe. Sidhani nahitaji kueleza zaidi, ila watu hufanya hivyo kila msimu, kisha wanalaumu paneli. Kivuli cha tawi kwenye kona moja tu hupunguza umeme kuliko unavyodhani, na vumbi pamoja na kinyesi cha ndege humalizia. Chagua: kivuli na betri iliyofunguliwa, au jua na paneli safi. Kutunza betri iliyojaa hakuhitaji paneli kubwa. Wati 20 zinatosha, mradi kontrola ipo na imepangwa kwa aina ya betri yako. Unapofunga, betri kwanza, paneli baadaye. Unapofungua, paneli kwanza.

Coaster: betri moja hufa, nyingine haifi

Coaster nyingi za dizeli ni za volti 24, betri mbili zilizofuatana. Mtu anataka redio au friji ya 12, anavuta umeme kutoka kwenye betri moja. Hiyo inabaki na njaa, mwenzake anashibishwa kupita kiasi kwa sababu alteneta inaona jumla tu. Mmoja anafanya chenga, mwingine anakausha maji. Funga konveta ya 24 kwenda 12, na betri zibadilishwe pamoja, za aina na umri mmoja.

Lithiamu inasoma sifuri, au haichaji mchana

Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti ina ubongo ndani unaokata umeme ikiisha. Mita inaonyesha 0 au volti chache, mtu anadhani imekufa. Imejifunga tu. Tatizo ni kwamba chaja na kontrola nyingi hazianzi kazi zisipoona volti za betri. Tumia chaja yenye hali ya lithiamu inayoweza kuiamsha. Ila usiiache hivyo miezi, maana ubongo huo nao unakula, na seli zikishuka mno hazirudi.

Ikiwa inagoma kuchaji mchana lakini usiku inakubali, ni joto. Betri nyingi za aina hii hukataa chaji zikipita nyuzi 45 au 50 hivi, na chini ya kitanda cha Hiace juani hapo hufikika kirahisi. Ihamishe au ipe hewa. Kujua imebaki kiasi gani, usitegemee volti: ikijaa husoma 13.3 hivi, na hata nusu bado iko karibu na 13.2. Soma kwenye kipimo chake au kwenye simu kwa Bluetooth. Na usiiunganishe na alteneta kwa rilei tupu, kwani huvuta ampea nyingi mno hadi alteneta iungue. Weka chaja ya betri kwa betri (DC-DC) katikati.

Siku ya kuliacha gari

Za asidi ziache zimejaa kabisa, lithiamu iache karibu nusu. Zima inveta kwa swichi yake. Osha vichwa, kisha fungua hasi za betri zote mbili. Ukiweza kuzitoa, ziweke chumbani penye hewa. Sakafu ya saruji haina neno kwa betri za plastiki za leo, hiyo hofu ni ya zamani. Mwachie mtu mita na chaja, azipime kila mwezi, na ya asidi ikifika 12.4 aichaji hadi mwisho. Kama tracker ni lazima ibaki, iwe kwenye betri yenye paneli.

Ikibidi kununua, pima dukani kabla ya kulipa. Mpya inayosoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu, iache hapohapo. Ya zamani ipeleke kwa wanunuzi wa betri chakavu ikiwa na asidi yake ndani, wala usimpe mtu akaiyeyushe nyumbani apate vizito vya nyavu, moshi wake ni sumu kwa watoto. Na kabla hujafungua hasi kwa mara ya kwanza, tafuta namba ya siri ya redio, kwa sababu nyingine zikikosa umeme huiomba, na mara nyingi imeandikwa kwenye kadi ambayo mwenye gari aliiacha Dar.